Ufundi wa Kufua Mabati ya Motakaa

Watu wengi waonapo motakaa iliyogongwa ubavuni, hudhani kwamba kazi ya fundi ni kugonga tu mpaka mahali palipobonyea parudi kama palivyokuwa. Humwona fundi ameketi chini ya mwembe, nyundo mkononi, nao husema, "Kazi hiyo hata mimi naiweza." Walakini wajaribupo wenyewe, mlango uliokuwa na bonyeo dogo kama kiganja cha mkono hugeuka ukawa na vinundu kama mgongo wa mamba. Sababu yake si uchache wa nguvu, wala si ubaya wa nyundo; sababu ni kutojua jinsi bati linavyopata umbo. Jambo hilo ndilo tutakalolieleza hapa, maana motakaa zimekuwa nyingi katika nchi zetu, na mtu akaaye Kasingirima au mahali pengine po pote katika Kigoma na Ujiji, akiwa na motakaa, siku moja atakuwa mbele ya fundi wa bodi akiulizwa fedha. Yafaa ajue ananunua nini.

Kwanza tufanye jaribio ambalo mwalimu aweza kulifanya darasani bila gharama. Chukua jani bichi la mgomba, ulizungushie shina la mti ulionyoka. Jani litakaa vizuri, halina kunyanzi hata moja. Kisha chukua jani jingine ulifunike juu ya tikiti maji. Katikati litagusa vema, lakini kando kando litafanya makunyanzi. Nawe ukilazimisha makunyanzi yale yalale, jani litapasuka. Karatasi juu ya mpira wa miguu hufanya vivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu shina la mti limebinuka upande mmoja tu. Kwa urefu wake limenyoka. Bali tikiti limebinuka pande zote, na kitu kilicho bapa hakiwezi kulivaa isipokuwa kimepunguzwa kando au kimeongezwa katikati.

Basi na bati ni hivyo hivyo. Ndoo, bomba la moshi, kibatari na sanduku la bati hufanywa kwa kupima, kukata, kukunja na kuunga. Mfanya ndoo mzuri ahitaji jicho la kupima na mkasi mkali, naye anaweza kuikata ndoo yake yote katika bati bapa kabla hajaikunja. Lakini karai, sinia, sufuria na madigadi ya motakaa hazipatikani kwa kukunja hata kidogo. Vitu hivyo vimebinuka pande mbili kwa pamoja, na hapana mkasi uwezao kuvikata vikatokea. Sharti bati lenyewe litanuliwe mahali fulani, au lisinywe mahali pengine. Hiyo ndiyo siri yote ya ufundi huu, na mengine yote yatakayofuata ni maelezo yake.

Bati hutanukaje? Mwangalie mama asukumaye chapati. Akipitisha mti wake sawasawa po pote, donge huwa jembamba na pana, nayo chapati hulala juu ya kibao. Lakini akisukuma katikati tu, asiguse kando, unga wa katikati hutafuta mahali pa kwenda. Kando zimeubana, basi huinuka juu ukafanya kama kilima kidogo. Chuma nacho, ingawa ni kigumu, hutii sheria ile ile. Ukikipiga baina ya nyundo na fuawe hupungua unene na kuongezeka upana. Bati la unene wa milimita 1, likitanuliwa hata eneo lake likaongezeka kwa sehemu moja katika kumi, hubaki na unene wa kama milimita 0.9. Upungufu huo macho hayauoni, lakini umbo lililotokea laonekana waziwazi.

Watu wa Kigoma wanayo shule kubwa ya jambo hili, nayo imekaa majini miaka mingi. Meli iitwayo Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka huko kwa reli mpaka Kigoma, maana njia ya reli ilikuwa imekwisha fika ziwani mwaka 1914. Hapo ikaungwa kwa ribiti, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Habari hizo wengi wanazijua. Lakini msomaji akipata picha yake, na atazame mabati ya tumbo la meli. Yale ya ubavuni yamenyoka, au yamebinuka upande mmoja kama jani lililozungushiwa mti. Hayo hupitishwa baina ya magogo ya chuma yakapinda, kazi ikaisha. Bali kwenye nyuma ya meli, chini karibu na panka, umbo hubinuka huku na huku. Mabati ya namna hiyo hayakubali kukunjwa. Katika viwanda vya meli yalitiwa motoni yakafuliwa moja moja mpaka yakapatana na kiolezo. Ndiyo maana meli haikuletwa Kigoma kama mabati bapa ya kukatwa huku. Kila kipande kilikuja na umbo lake.

Sasa tuje kwenye mashine ambayo mafundi wa Ulaya waliifanya ili kurahisisha kazi hii kwa mabati membamba ya motakaa. Watu wa Marekani huiita gurudumu la Kiingereza, na jina hilo limeenea duniani, ingawa Waingereza wenyewe kwa desturi huiita tu mashine ya magurudumu. Haina injini wala umeme. Ni mhimili mkubwa wa chuma uliopinda kama mkono wa mtu atakaye kukumbatia, na kinywani mwake mna magurudumu mawili, moja juu na moja chini. La juu ni kubwa, huenda likawa na kipenyo cha sentimita 20, na uso wake ni bapa. La chini ni dogo, kama sentimita 5 au zaidi kidogo, na uso wake umebinuka kama mgongo wa kijiko. Fundi huwa na magurudumu ya chini kadha wa kadha, mengine yamebinuka kidogo sana na mengine zaidi, akayabadili kwa kadiri ya umbo alitakalo. Chini kabisa pana skrubu ya kuliinua gurudumu dogo, limbane bati kwa nguvu zaidi au kidogo.

Fundi hulishika bati kwa mikono miwili, akalitia baina ya magurudumu, akalisukuma na kulivuta, huku akilisogeza kidogo upande mmoja kila mara, mfano wa mtu alimaye matuta yaliyokaribiana sana. Kila lipitapo, magurudumu huacha njia nyembamba ambapo chuma kimetanuka kiasi kidogo mno. Njia mia zikipangwa karibu karibu, bati linaanza kuinuka katikati, kama chapati yetu. Akitaka mahali fulani pabinuke zaidi, hapo hupita mara nyingi. Akitaka pabaki bapa, hapapiti. Halafu hulipindua bati, akazipitia njia za kwanza kwa kuzikata, ili uso uwe laini, usiwe na mistari.

Wanafunzi wengi wa mashine hii hushindwa kwa kitu kimoja, nacho ni haraka. Hukaza skrubu sana wakitaka umbo lije upesi. Bati linapata mabonde ambayo hayatoki tena. Fundi mzoefu hukaza kidogo, hupita mara nyingi, na baada ya kila kupita hulipeleka bati kwenye kiolezo chake cha mbao au cha karatasi ngumu akapima. Tena hulipapasa kwa kiganja, maana kiganja huona mawimbi ambayo jicho halioni. Na umbo likizidi, taabu yake ni kubwa, kwa kuwa gurudumu latanua tu, kusinya haliwezi. Inambidi ama atanue kando mpaka zipatane na katikati, ama azisinye kando kwa njia nyingine. Mhimili nao sharti uwe mgumu sana. Ukiyumba, nguvu ya skrubu huishia katika mhimili badala ya kuingia katika bati.

Kazi ya gurudumu ilisitawi Uingereza zama zile motakaa zilipoundwa moja moja. Mifupa ya bodi ilikuwa ya mbao, nayo mabati yalifinyangwa kwa mkono juu yake. Kampuni ya Morgan huko Malvern bado yaunda motakaa zenye mbao ndani. Mafundi wa namna hiyo walihitajiwa hata katika ndege. Ndege ya vita iitwayo Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, ilikuwa na mbawa na maungio yaliyobinuka pande mbili, na ubora huo ulioisaidia angani uliwatesa waundaji wake, hata kazi ya kuziunda kwa wingi ikachelewa sana mwanzoni. Kule Marekani walichukua njia nyingine. Kampuni ya Edward Budd, katika mji wa Philadelphia, ilianza mwaka 1912 kuunda bodi za chuma kitupu. Bati huwekwa baina ya vinu viwili vizito vya chuma, juu na chini, na mashine hubana mara moja tu, mlango ukatoka. Kinu cha namna hiyo ni ghali mno, lakini kikiisha fanywa hutoa milango elfu nyingi iliyo sawa kabisa. Motakaa zetu karibu zote leo, na hasa zile zitokazo Japani zikiwa zimetumika, zimezaliwa kwa njia hiyo ya pili. Ila zikigongwa hurudi kwa njia ya kwanza, maana hapana mtu atakayefungua kiwanda kwa sababu ya mlango mmoja uliobonyea.

Katika Afrika ya Mashariki ufundi huu umeletwa na kukuzwa na watu wa namna nyingi. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, walikuja wahunzi na maseremala kutoka India, miongoni mwao Masingasinga, na baadaye wao na watoto wao walikuwa katika watu wa kwanza kuunda bodi za lori na mabasi. Maana lori na basi mara nyingi hufika kwetu ni chasisi na injini tu. Bodi huundwa huku huku. Mabasi mengi ya Kenya na Tanzania yameundwa hivyo. Vijana wa Kiafrika waliowasaidia walijifunza kwa kutazama na kushika, kisha wakaenda kufungua kazi zao wenyewe, kama yaonekanavyo Kamukunji katika Nairobi na Gerezani katika Dar es Salaam, ambako tangu asubuhi mtu husikia nyundo kabla hajaona mtu.

Gurudumu la Kiingereza ni nadra kuonekana mikononi mwa mafundi hao. Lakini wasilitamani mpaka wakaidharau kazi yao, maana alifanyalo gurudumu, nyundo nayo yaweza kulifanya, ila kwa muda mrefu zaidi na kwa jicho kali zaidi. Fundi huchimba bonde katika kisiki cha mti mgumu, kama mtu aanzaye kuchonga kinu asimalize; huweka bati juu ya bonde lile akalipiga kwa nyundo ya mti, akianzia kando na kuingia katikati kwa mzunguko. Au huwa na mfuko wa ngozi ulioshindiliwa mchanga, ambao hulipokea pigo bila kulikwaruza bati. Na kwa fuawe hutumia kipande cha reli kuukuu. (Kiwe kimenunuliwa kwa haki. Reli iliyo njiani ni mali ya watu wote, na anayeiondoa auza roho za abiria.) Umbo likiisha patikana, hulilainisha juu ya fuawe hiyo kwa mapigo mepesi mengi. Kazi hii ndiyo ile ile ya gurudumu. Tofauti ni kwamba gurudumu hupiga pasipo kuinuka.

Tukirudi sasa kwa motakaa iliyogongwa, tutaelewa kwa nini mlango wa yule mjuaji wa kwanza uliharibika. Alipoona bonyeo, alipiga katikati yake kwa nguvu, huku ameweka chuma kizito upande wa pili. Pigo lililobana bati baina ya chuma na chuma lililitanua. Sasa mlango una bati jingi kuliko nafasi yake, nalo bati la ziada halina pa kwenda isipokuwa kuvimba. Ukilibonyeza kwa kidole laingia, ukiachilia latoka, nalo hulia kama chini ya debe la mafuta tupu. Kulizidisha nyundo bati la namna hiyo ni kuliongezea ugonjwa.

Fundi ajuaye huutazama mlango kwanza asiguse. Hutafuta jinsi pigo lilivyoingia, maana bati likibonyea katikati hufanya ukingo ulioinuka kuzunguka bonde, na ukingo huo ndio ulioshikilia bonde lisirudi. Basi huanza na ukingo, yaani mahali palipopatwa mwisho, akirudi kwenye palipopatwa kwanza. Chuma chake kizito hukiweka nyuma ya bonde akikisukumia nje, na nyundo huipiga juu ya ukingo, kando ya chuma kile, si juu yake. Hivyo ukingo hushuka na bonde huinuka kwa pamoja, na bati halibanwi wala halitanuki. Mara nyingi bonde kubwa hutoka karibu lote kwa mapigo machache ya namna hii. Mtazamaji hudhani fundi hakufanya kazi, akataka kupunguza fedha. Na hapo ndipo mwenye motakaa asiyejua humdhulumu fundi mwema, akampenda yule agongaye tangu asubuhi hata jioni.

Bati lililokwisha tanuka laweza kusinywa kwa moto. Fundi hupasha doa dogo, si kubwa kuliko sarafu, mpaka liwe jekundu. Huligonga pole pole kuzunguka, kisha hulipoza kwa kitambaa chenye maji. Doa lilipokuwa na moto lilitaka kutanuka, likabanwa na bati baridi lililolizunguka, likanenepa. Lipoapo hujivuta na kuuvuta ujirani wake. Lakini moto una mipaka. Aluminiamu haionyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka, nayo huyeyuka kwa digrii 660 tu, chini ya nusu ya joto linaloyeyusha chuma. Kwa hiyo mafundi wanapotaka kuilainisha huipaka sabuni ya mche, wakaipasha mpaka sabuni iwe nyeusi, wakaacha hapo. Tena motakaa za siku hizi zina nguzo za milango na mihimili ya chuma kilichokomazwa kiwandani. Chuma hicho kikitiwa moto hupoteza nguvu yake, wala rangi haitaonyesha kilichopotea.

Jambo hili la mwisho ni zito kuliko uzuri wa madigadi. Zamani lori na motakaa zilikuwa na chasisi chini, na bodi ilikuwa kama nguo juu ya mwili. Lori bado ni hivyo. Lakini motakaa ndogo nyingi za leo hazina chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Sanduku lile refu lililo chini ya milango, upande wa kulia na kushoto, hubeba uzito na kuwalinda watu wakati wa kugongana. Likiliwa na kutu, wako mafundi waliojaza matundu yake kwa magazeti na puti, wakapiga msasa, wakapaka rangi iking'aa kama mpya. Puti ni kitu chema mahali pake: hufunika mikwaruzo na mabonde membamba ambayo nyundo haiwezi kuyamaliza. Lakini puti haina nguvu ya kubeba kitu. Mahali palipooza sharti pakatwe mpaka chuma kizima kionekane, na kipande kipya kifuliwe kwa umbo lake na kuchomelewa.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu, nayo hayali chuma upesi kama maji ya bahari. Kwa hiyo mwenye motakaa wa Ujiji ana nafuu kuliko mwenzake wa Dar es Salaam. Walakini lori zibebazo chumvi ya Uvinza ziko katika hatari ile ile ya pwani, maana chumvi ikimwagika katika pembe za bodi na kupata unyevu hula chuma mchana na usiku. Zioshwe kwa maji mengi, na chini pia. Na motakaa kadha wa kadha zitokazo Japani zimetumika katika sehemu za theluji, ambako barabara hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Juu zapendeza, chini zimeliwa.

Njia rahisi ya kuichunguza motakaa kabla ya kuinunua, au kabla ya kumlipa fundi, ni sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa laini ili isikwaruze. Ipitishe pole pole juu ya milango, madigadi, na hasa sanduku lile la chini. Juu ya chuma itashika. Penye puti nene italegea au kuanguka. Juu ya aluminiamu na juu ya bampa za plastiki haitashika kabisa, na hilo si kosa la mtu. Kisha piga kwa kifundo cha kidole: bati tupu hulia, puti hutoa sauti ya kitu kilichojaa. Mwisho lala chini, utazame upande wa ndani wa mahali paliponyooshwa, maana rangi hupakwa nje, na huko ndani nyundo, moto na magazeti huonekana kama vilivyoachwa.